Ukoka wangu wa Nairobi una vipara

Haya, hamjambo huko Tanga? Shikamoo mama, najua unaangalia kwa simu ya mdogo wangu.

Leo siwapeleki mjini, leo tuko nyuma ya nyumba, hapahapa South C. Ngoja nigeuze kamera. Mnaona? Pale kijani kimejaa, hapa kipara, pale kwenye bonde nyasi zimesongamana kama nywele za kichanga. Mwezi wa tisa niliwaonyesha nikirudia kumwaga mbegu, mkaniandikia hongera. Hongera zenu nazirudisha.

Halafu jambo moja: huku ukisema "ukoka" wanakutazama. Wao wanasema "kikuyu", maana nyasi hizi asili yake ni nyanda za juu za huku Afrika Mashariki, na jina zimelipata kwa Wakikuyu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwaga mbegu mwezi wa sita. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na Julai ni baridi na mawingu, jua unalisikia kwa jirani. Zikaota chache. Nikaongeza mbegu mwezi wa tisa, na mvua ya kwanza ya vuli ikazikumba zote ikazipeleka mabondeni. Nikawa najiandaa kununua pakiti ya tatu.

Mzee anayetunza bustani ya jirani akachungulia juu ya ua. "Kijana, hizi mbegu unapanda ama unalishia ndege?"

Akaomba ubao mrefu. Akaulaza pale chini, akaingiza vidole chini yake. Vinne vikapita! Udongo wa hapa ni ule mweusi, kwetu tungesema wa mbuga: ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka, kwa hiyo uwanja haukai sawa. Maji yanakimbilia bondeni, mbegu zinayafuata, na kwenye kinundu fyekeo linanyoa mpaka kwenye ngozi. Vile vipara vya manjano ni fyekeo langu mwenyewe!

Sasa tazameni hili bonde kubwa. Nimekata nyasi kwa sepetu pande tatu, nimezikunja na mizizi yake kama mkeka, nimejaza udongo chini, nimeushindilia, nimezilaza tena. Imechukua asubuhi nzima na mgongo umeniambia.

Vibonde vidogo havihitaji hayo. Chekecha mchanganyiko wa udongo, mchanga na samadi iliyooza vizuri, tandaza usizidi sentimita moja, sambaza kwa mgongo wa reki, na ncha za majani lazima zibaki zinaonekana. Bado pana bonde? Subiri nyasi zipande juu, urudie. Ukizifukia zote kwa siku moja umezizika. Na samadi iwe imeoza kweli, mbichi inaunguza na inakuletea magugu ambayo hukuyaalika.

Kwenye vipara sipandi mbegu tena, mzee amenikataza. Kikuyu inatambaa yenyewe, basi nimechukua vipande kule ilikosongamana. Kila kipande kina pingili mbili tatu, hiki hapa, na mizizi myeupe imeshaanza kuchungulia kwenye pingili. Unakwaruza udongo, unafukia pingili, unaacha majani nje, unakanyaga kwa kisigino. Kati ya kimoja na kingine nimeacha kama shubiri. Bure kabisa! Kufyeka nasubiri mpaka zifike kama sentimita saba, na hapo nakata ncha tu, theluthi.

Mama ameshanitumia sauti. Anasema uani kwake tangu anaolewa ni mchanga na mfagio wa chelewa, nyasi zikitokeza zinang'olewa zisifuge nyoka, na sasa anauliza mbuzi wangu yuko wapi. Mama, huku mbuzi haruhusiwi na mwenye nyumba.

Subirini... mnasikia bomba linakoroma? Leo ni zamu yetu ya maji. Naikata hapa, nina mapipa mawili ya kujaza kabla halijanyamaza.