Mzinga wa Viazi

MWALIMU: Karibuni tena. Tuko Kirumba, Mwanza, upepo wa ziwa umeshaanza, mkisikia bati linagonga msishtuke. Shangazi, shikamoo.

SHANGAZI: Marahaba, Mwalimu. Nasikia wiki hii umewafungia watoto mradi wao.

MWALIMU: Sijaufunga, nimeugeuza. Kidato cha tatu wanajiandaa na maonyesho ya sayansi. Kundi moja likaniletea mchoro: bomba la plastiki, gesi inaingia nyuma, inawashwa, kiazi kinachomoka mbele. Mchoro safi, umepigwa rula. Nikasema hapana.

SHANGAZI: Hata hukuwauliza maswali?

MWALIMU: Niliwauliza bomba gani. Wakasema PVC, lile la maji. Sasa maji hayabanwi kirahisi. Bomba la maji likipasuka, presha inashuka hapo hapo, unalowa tu. Gesi ikibanwa inatunza nguvu, na bomba likishindwa nguvu yote inatoka kwa mpigo. PVC inavunjika vipande vyenye ncha, na lile lililopigwa jua muda mrefu, kama haya yanayopita juu ya mawe huku milimani, linavunjika upesi zaidi. Ongeza moto. Na gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini, huioni.

SHANGAZI: Sawa. Ila nikuulize, kiazi gani walitaka kurusha?

MWALIMU: Kiazi kitamu. Walisema mviringo ni ghali.

SHANGAZI: Hapo ndipo mimi ningewazuia! Kiazi kitamu kimelisha Usukuma nzima wakati wa njaa, leo kirushwe kwenye nyasi?

MWALIMU: Kimoja tu, Shangazi.

SHANGAZI: Kimoja ni michembe ya mtu. Mama alikuwa anamenya, anakata vipande vyembamba, anatandaza juu ya jiwe. Jiwe letu la Mwanza likishika jua la saa sita hukanyagi na miguu mitupu. Zikikauka zinalia ukizitikisa kwenye ungo. Unakuja kuzipika na karanga mvua imegoma.

MWALIMU: Kwetu Magu matobolwa ndiyo yalikuwa chakula. Unachemsha kwanza, ndipo unakata na kuanika. Mtoto anatia mfukoni anaenda shule, hahitaji jiko.

SHANGAZI: Matobolwa ni ya kutafuna njiani. Michembe ni mlo.

MWALIMU: Shangazi, matobolwa na chai ya maziwa asubuhi, hiyo si mlo?

SHANGAZI: Hiyo ni kifungua kinywa. Mlo unakaa sufuriani, watu wanauzunguka.

MWALIMU: Naomba turudi kwenye mradi, dakika zinakwenda. Niliwaambia watumie chupa ya soda, maji kiasi na pampu ya baiskeli. Kizibo wamekichonga kwa soli ya ndala, katikati wakapitisha valvu ya tyubu. Mmoja anapampu, wengine wako mbali, kizibo kinaachia, maji yanasukumwa chini na chupa inakwenda juu. Hiyo ni sheria ya tatu ya Newton, ya 1687. Hewa mle ndani inafuata sheria ya Boyle, ya 1662: joto lisipobadilika, ukipunguza ujazo nusu, presha inakuwa mara mbili. Tena binti mmoja akauliza kama chupa ingeruka sawa Dar. Swali zuri mno! Ziwa letu liko karibu mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa huku ni karibu kilopaskali 88, pwani ni karibu 101. Hewa yetu ni nyepesi, inazuia kidogo.

SHANGAZI: Nimefurahi. Lakini huo ni mradi wako, siyo wao. Wao walitaka kujua gesi na hewa vikichanganyika na kuwashwa kunatokea nini. Hiyo ni kemia. Wewe umewapa maji.

MWALIMU: Nimewapa kitu wanachoweza kukipima mara nyingi bila mtu kuumia.

SHANGAZI: Mngetafuta fundi, bomba la chuma, uwanja mtupu, mtu mzima ndiye awashe. Pikipiki inachoma petroli katikati ya miguu ya bodaboda kutwa nzima na hatuikatazi.

MWALIMU: Injini ya pikipiki imepimwa kiwandani. Bomba la fundi wa mtaani nani amelipima? Siwashi moto kwenye kitu ambacho sijui kinapasukia wapi, mbele ya watoto wa watu.

SHANGAZI: Basi watakwenda kuwasha nyuma ya nyumba, bila wewe.

MWALIMU: Hilo linaninyima usingizi. Bado jibu langu ni hapana.

SHANGAZI: Na mimi bado nasema umewanyang'anya swali lao.

MWALIMU: Tulikuwa na mambo matatu ya kuwaambia wazazi kuhusu miradi ya nyumbani, na fundi mitambo ananionyesha dakika moja.

SHANGAZI: Achana nayo, hatuyawezi kwa dakika moja. Wasikilizaji wa Sengerema na Misungwi, tutumieni sauti: michembe au matobolwa?

MWALIMU: Na wazazi mtuambie, mngeruhusu ule moto?

SHANGAZI: Kwa bomba la chuma, Mwalimu. Sema yote.

MWALIMU: Kwa bomba lolote.