Themostati imeenda wapi? Pikapu za dizeli za mkono wa pili

SOMOE: Karibuni kijiweni. Mimi Somoe, niko na Fundi Bakari, tupo Mtwara mjini. Hizo bodaboda za nje mtatuvumilia. Leo ni pikapu. Msimu wa korosho unakaribia na kila mwenye akiba anatafuta pikapu ya dizeli. Ujumbe ninaoupata unaanza hivihivi: "Da Somoe, nimepata Hilux, imetembea kilomita chache." Fundi, umeanza kucheka.

BAKARI: Nacheka kwa sababu hizo kilomita kijana mwenye kompyuta anazirudisha nyuma kabla chai haijapoa. Na hata zisipoguswa hazikuambii kitu. Chukua pikapu iliyouzwa kwenye mnada wa kampuni au mradi. Dereva alishinda ndani injini ikiunguruma, AC inapuliza, anamsubiri bosi atoke kikaoni. Kilomita hazikusogea. Injini ilikuwa kazini muda wote huo, na oili inazeeka.

SOMOE: Kwa hiyo kilomita tuachane nazo?

BAKARI: Zina kazi moja, mkanda wa taimingi, ule unaopanga valvu zifunguke kwa wakati wake, maana unabadilishwa kwa hesabu ya kilomita. Hilux zenye injini za dizeli za D-4D, ile 2KD ya lita 2.5 na 1KD ya lita 3.0, zinatumia mkanda. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni, na hapo unatafuta hedi, ile sehemu ya juu ya injini. Kama muuzaji hana ushahidi kwamba mkanda ulibadilishwa, badilisha mwenyewe kabla hujapakia gunia la kwanza. Usibishane naye.

SOMOE: Isuzu?

BAKARI: D-Max yenye injini ya 4JJ1 inatumia cheni badala ya mkanda. Huko una wasiwasi mwingine. Tuendelee.

SOMOE: Watu wanasema D-4D ni injini nzuri ila nozo, zile zinazopulizia dizeli kwenye silinda, ndizo zinazoua. Ni kweli?

BAKARI: Nusu kweli. Nozo zenyewe zinachoka, ndiyo. Ila kinachoua injini mara nyingi ni washa ya shaba inayokaa chini ya nozo. Kitu kidogo, bei yake haikutishi. Washa ikichoka, moto wa silinda unapenya pembeni ya nozo, unapanda kwenye kava la juu, na kule kuna oili. Masizi yanaingia kwenye oili. Oili inashuka na masizi yake kwenye sampu, ile trei ya oili chini ya injini, inafika kwenye chujio la waya ambapo pampu inanyonya, na kidogo kidogo chujio linaziba. Siku moja unapanda mlima na mzigo, taa ya oili inawaka, wewe unasema ni waya. Siyo waya. Tabo, ile inayosukuma hewa kwenye injini, imekosa oili, beringi zimekosa oili. Injini imenoki.

SOMOE: Na muuzaji alikuwa ameshamwaga oili mpya safi.

BAKARI: Safi kabisa, rangi ya asali! Kwa hiyo mimi sitazami rangi ya oili kwenye kijiti. Naomba tufungue sampu, nitazame lile chujio. Muuzaji mkweli anakubali ukimlipia gasketi. Akikataa, umeshapata jibu. Lingine, gari likiwa silensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, fungua kifuniko cha kujazia oili. Mvuke kidogo ni kawaida. Lakini likipumua kwa mapigo, puh, puh, puh, moto unavuja mahali.

SOMOE: Na ile mashine ya kompyuta ya kupimia gari?

BAKARI: Inasaidia sana kwa nozo. Injini ikiwa ya moto, iko silensa, mashine inakupa namba ya masahihisho ya kila nozo, yaani injini inaiongezea au inaipunguzia dizeli kiasi gani. Ikiwa kati ya tatu juu na tatu chini ya sifuri, sina neno. Ikikaribia tano, weka bei ya nozo kwenye hesabu yako kabla hujatoa pesa. Lakini sikio nalo lipo. Asubuhi, injini ya baridi, ukisikia inagonga kwa nguvu halafu inatulia ikipata moto, nozo zinakuita. Nozo inayomwaga dizeli vibaya inachoma pistoni mpaka inapasuka, na 1KD inajulikana kwa hilo.

SOMOE: Huku kwetu mafuta nayo yanachangia. Ukitoka mjini, ukiishiwa huko Nanyumbu ndani ndani, unajazia kwenye dumu.

BAKARI: Dumu lililokaa nje, lina maji chini. Na dizeli yenye mafuta ya taa. Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kukata uchakachuaji, na ulipungua, ila usiamini kila dumu. Pampu za hizi D-4D zinalainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa ni makavu, yanaikwangua pampu, chuma kinasafiri mpaka kwenye nozo. Kwa hiyo jambo la kwanza la kumodifai, kabla ya ngao na taa, ni chujio la pili lenye kikombe cha kutenganisha maji. Kila wiki fungua koki chini, toa maji. Nikikuta tajiri amefunga hicho kitu, na kikombe chake ni kisafi, namwambia nunua hii gari.

SOMOE: Tumeingia kwenye kumodifai sasa. Mimi nina ugomvi wangu na themostati, kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji ya rejeta.

BAKARI: Eleza, nimesikia ukifoka kule gereji.

SOMOE: Gari ninalobebea samaki lilikuwa linachemsha nikipanda na mzigo. Fundi mmoja, simtaji, akasema, "Dada, huku pwani joto, themostati ya nini?" Akaitoa. Akanirudishia gari. Siku za mwanzo geji iko chini, nikafurahi. Nikapakia, nikapanda kuelekea Newala, likachemsha kuliko mwanzo! Nikauliza kila mtu, nikaambiwa rejeta, nikaambiwa gasketi.

BAKARI: Na fundi hakujua alichokitoa. Sikiliza. Themostati ya injini nyingi za Toyota ina sahani mbili. Ya mbele inafungua njia ya rejeta maji yakifika kama nyuzi 80. Ya nyuma, wakati huohuo, inaziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa yote, mkato unabaki wazi siku zote. Maji yanafuata njia nyepesi. Rejeta inapata nusu ya maji, injini inazungusha maji ya moto yaleyale.

SOMOE: Na mjini bila mzigo haionekani.

BAKARI: Mjini inakuwa ya baridi kupita kiasi, ndiyo geji ikakufurahisha. Dizeli ya baridi inachoma vibaya, inakula mafuta, inaweka masizi. Kwa hiyo umepata hasara pande zote. Ukienda kununua, uliza hilo swali, themostati imeenda wapi? Fungua nyumba yake utazame. Na kama ipo tupu, jiulize kwa nini ilitolewa. Gari lilikuwa linachemsha. Ugonjwa wa kwanza bado umo ndani.

SOMOE: Wangu ulikuwa feni. Ile klachi ya feni ilikuwa imekufa, inazunguka kivivu.

BAKARI: Basi fundi angetazama feni. Na uweke kulanti, ile dawa ya kupozea injini, siyo maji ya kisima yenye chumvi. Haya, springi. Hapa ndipo watu wanapojiua.

SOMOE: Aa, lakini Fundi, bila kuongeza majani ya springi korosho hazifiki ghalani.

BAKARI: Piga hesabu. Hilux ya kazi inabeba kama tani moja. Gunia likiwa la kilo 80, magunia kumi na mawili ni kilo 960. Hujaweka dereva, kuli, na mama mwenye kuku. Sasa unaona watu wanapakia ishirini na tano, wanasema springi zimeongezwa. Springi zimeongezwa, sawa. Chasi umeiongeza? Ekseli? Breki?

SOMOE: Chasi inapasuka nyuma ya kebini, nimeziona.

BAKARI: Ila la breki watu hawalijui. Hilux nyingi zina valvu nyuma, imefungwa kwenye chasi, ina mkono unaoshika difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma. Gari likibeba mzigo, nyuma inashuka, mkono unasukumwa, valvu inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Gari likiwa tupu, nyuma iko juu, valvu inabana breki za nyuma ili tairi zisifunge. Sasa umeongeza majani, nyuma imenyanyuka. Umepakia tani na nusu, na valvu inaamini gari ni tupu. Breki zote zinalemea mbele.

SOMOE: Halafu unashuka ukingo wa Newala kwenda upande wa Masasi.

BAKARI: Unashuka na breki za mbele zinanuka. Aliyeongeza springi lazima arekebishe ule mkono. Ni kazi ya spana na dakika chache. Kwenye pikapu ya kununua, chungulia. Ukiukuta umefungwa kwa waya au umekatwa kabisa, ujue aliyekuwa nalo hakuwa na huruma hata na roho yake.

SOMOE: Snokeli je, lile bomba la kuvutia hewa juu ya gari? Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar kule Kilwa, kila mtu akaanza kuniuliza snokeli.

BAKARI: Nzuri ikiwa imezibwa vizuri mpaka kwenye boksi la chujio la hewa. Nyingi ninazoziona zimefungwa kwa urembo, pale kwenye maungio unapitisha kidole. Maji hayabanwi kama hewa, yakiingia silinda koni rodi, ule mkono wa pistoni, inapinda. Na kabla ya snokeli, nyanyua kipumulio cha difu kwa mpira mrefu. Difu ya moto ikizama kwenye maji ya baridi inanyonya maji kwa ndani, wewe hujui, oili yake inageuka nyeupe.

SOMOE: Kuna mwingine kauliza hapa, ana Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ, ya lita 4.2, isiyo na tabo, anataka kuweka tabo.

BAKARI: Aiache. 1HZ imesifiwa miaka yote kwa sababu haina haraka. Inachomea dizeli kwanza kwenye vyumba vidogo ndani ya hedi, na ukiilazimisha kwa tabo na mafuta mengi, joto linapanda, hedi inapasuka palepale. Akitaka mwendo anunue gari lililozaliwa na tabo. Tena akibadilisha injini, namba mpya iingizwe kwenye kadi ya gari TRA, asije akakwama siku ya kuuza.

SOMOE: Kutu tumeisahau, na sisi ni watu wa bahari.

BAKARI: Siwezi kusahau. Pikapu ya kuvuta mtumbwi pale Msimbati, inatembea kwenye mchanga wa ufukweni, au iliyobeba samaki, maji ya barafu na chumvi yanachuruzika kwenye chasi kila siku. Ingia chini na nyundo ndogo. Gonga chasi juu ya ekseli ya nyuma na kwenye mashikio ya springi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti iliyokufa. Ukikuta chini kote pamepakwa lami nyeusi mpya, inang'aa, gonga zaidi.

SOMOE: Hata zilizotoka Uingereza? Maana wanasema zimetunzwa.

BAKARI: Kule wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi kuyeyusha barafu. Kutu ni ileile tu. Na ukiambiwa Hilux ya 2008 ilitumika Japani, muulize vizuri, Toyota iliacha kuiuza Hilux kule mwaka 2004 ikairudisha 2017.

SOMOE: Haya, la mwisho. Jumamosi tunakwenda Masasi kutazama moja ya msikilizaji wetu. Nimwambie nini muuzaji?

BAKARI: Mwambie asiiwashe kabla hatujafika. Nataka kuisikia ikiamka baridi.

SOMOE: Na tukikuta boneti ni ya moto?

BAKARI: Tunakunywa supu Masasi, tunarudi na basi.