Kwao ni Wapi? Mhadhara Kuhusu Majina na Asili ya Maua ya Bustani

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja.

Wengi wetu tunapochagua mche wa maua huangalia rangi, tukasoma jina, basi. Leo nataka kuwashawishi muulize jambo moja zaidi: mmea huu kwao ni wapi? Jina huweza kupotosha. Asili haipotoshi, kwa sababu mmea huhama na tabia zake.

Tuanze na Tagetes erecta, ua lile nene la manjano au rangi ya chungwa, lenye majani ya harufu kali. Waingereza wamezoea kuliita marigodi la Afrika, na ndugu yake mfupi, Tagetes patula, wakampa jina la marigodi la Ufaransa. Yote mawili asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Hibiscus syriacus nao, Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alipouandika mwaka 1753 aliunasibisha na Syria, kumbe kwao ni China. Na Scilla peruviana haijawahi kuwa mmea wa Peru. Ni wa Ureno, Uhispania na nchi nyingine za Mediterania.

Kuna kosa jingine lililodumu zaidi. Mmea wa vyungu na madirisha ambao dunia nzima huuita jerania si jerania. Ni Pelargonium, na spishi zake nyingi ni za kusini mwa Afrika. Linnaeus aliziweka jerania na Pelargonium katika jenasi moja, yaani kundi moja la spishi zenye undugu wa karibu, na ilipofika 1789 Mfaransa L'Héritier, naye mtaalamu wa mimea, akazitenga. Tofauti mnaweza kuiona wenyewe. Chumeni ua moja mlitazame kwa karibu: jerania ya kweli ina petali tano zinazofanana, zimepangwa sawasawa pande zote. Ya Pelargonium, mbili za juu hutofautiana na tatu za chini kwa umbo au alama. Kisha papaseni kikonyo chake. Chini kidogo ya ua kuna kinundu, na kutoka hapo mpaka juu, ndani ya kikonyo, mna mrija mwembamba wenye mbochi. Jerania haina mrija huo. Na tabia nayo inafuata asili: spishi nyingi za Pelargonium zimezoea ukame na hazivumilii barafu, ilhali jerania nyingi hukaa nje majira yote ya baridi bila kudhurika.

Sasa bogenvilia. Huu ni mmea wa Amerika ya Kusini. Mwaka 1767 msafara wa Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville ulitia nanga Rio de Janeiro, na mtaalamu wa mimea aliyekuwa naye, Philibert Commerson, akaukusanya mmea huo. Jina likaenda kwa nahodha. Lakini Commerson alikuwa na msaidizi aliyemfanyia kazi kubwa ya kukusanya mimea, Jeanne Baret, mwanamke aliyejivika nguo za kiume kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa katika meli za jeshi la Ufaransa. Ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Ilibidi ifike 2012 ndipo spishi moja ya mmea, Solanum baretiae, ikapewa jina lake. Mimi naona alicheleweshewa haki yake mno.

Na ile rangi ya zambarau au nyekundu mnayoisifu katika bogenvilia si ya petali. Ni majani yaliyobadilika, matatu matatu, na ndani yake ndimo mlimo maua yenyewe, vijibomba vyembamba vyeupe. Kwa vile mmea huu umezoea kiangazi, ukimwagiliwa kila siku hunenepa majani ya kijani na kunyima rangi. Uacheni udongo ukauke kwanza.

Nimalizie na Saintpaulia, maana huu naupenda kuliko yote. Waingereza huuita vayoleti la Afrika. Safari hii Afrika ni kweli, vayoleti siyo. Hauna undugu wowote na vayoleti. Kwao ni misitu ya mashariki ya Tanzania na kusini-mashariki ya Kenya. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliuona Usambara na kuupeleka kwa baba yake Ujerumani; mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akauandika kwa jina la familia hiyo. Tangu 2015 wataalamu wameuingiza katika jenasi ya Streptocarpus, ingawa wapandaji bado wanang'ang'ania jina la zamani.

Pale msituni huota kwenye nyufa za miamba, kivulini, juu ya udongo kidogo wa majani yaliyooza. Kumbukeni picha hiyo mnapoutunza. Jua la moja kwa moja huunguza majani, na chungu kikubwa chenye maji yaliyotuama huozesha mizizi. Maji baridi yakidondokea jani lenye vinyweleo huacha mabaka. Ukitaka kuuzalisha, chomeka jani moja na kikonyo chake kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, na vichipukizi vitatokea chini yake.

Hivi leo umejaa madirishani duniani kote, lakini huko kwao baadhi ya aina zimebaki kwenye miamba michache tu. Miti ya juu ikikatwa, jua hufika mwambani, unyevu hupotea, na mmea hukauka bila mtu yeyote kuugusa. Maswali, karibuni.