Newala, sponji la konsentreta na timu yenu ya watu watano

(Maneno niliyoongea na wanafunzi wa vyuo hapa Mtwara mjini, nimeyaandika kama nilivyoyasema)

Asalaam aleikum, bwana asifiwe, wakubwa wote mlioko humu shikamooni. Na nyie wadogo zangu habari za asubuhi. Ahsanteni kwa kuwahi, najua kuna waliotoka Naliendele na Mikindani na daladala za asubuhi mnazijua wenyewe. Mi ni fundi wa vifaa tiba, ndo kazi yangu miaka yote, kwa hiyo ntaongea kifundi na panaponiuma ntasema panauma.

Kesho mnaingia wodini kwa timu za watu watano wa fani tofauti, leo nawaambia kwa nini tumewachanganya. Nianzie Newala. Mwaka 1952 kwenda 1953 huko juu uwanda wa Makonde kulizuka homa, mtu analala mzima anaamka viungo vimekaza, vidole havikunjuki, anatembea kainama na magoti hayamtaki. Ilifanana sana na homa ya dengi, hii watu wanaiita kidingapopo, lakini Wamakonde walishaiona ilivyo na wakaipa jina kwa lugha yao, chikungunya, manake kile kinachomkunja mtu. Leo daktari wa India, daktari wa Brazili, wote wanaandika neno la Kimakonde kwenye faili la mgonjwa, sijui kama mmewahi kulifikiria hilo, neno limetoka kwa bibi zetu hapa juu.

Sasa angalieni kazi ilivyogawanyika kwa watafiti watatu. Marion Robinson aliandika mgonjwa anavyoumwa, siku ya kwanza inakuwaje, vipele vinatoka lini. Lumsden akaandika ugonjwa unavyotembea kijiji kwa kijiji, mbu gani wapo ndani ya nyumba. Ross akahangaika na kirusi chenyewe, akakitenganisha. Ripoti zao zilitoka 1955 na 1956, na ukizisoma unaona hakuna hata mmoja ambaye angemaliza peke yake. Na kabla yao wote kuna yule mgonjwa aliyesema "imenikunja".

Na kiini cha mambo kilikuwa maji. Uwanda ule mvua ikinyesha maji yanazama mchangani, mito hamna, kina mama walikuwa wanashuka mabondeni kuyafuata, wakiyapata wanayatunza ndani kwenye mitungi kama mali, na mbu aina ya Aedes hapo ndo kwao, anapenda maji safi yaliyotulia karibu na watu na anauma mchana. Kwa hiyo ukimpeleka tabibu peke yake anaona homa anatoa dawa ya maumivu, basi, na mpaka leo dawa ya kukiua kirusi cha chikungunya haipo. Ukimpeleka fundi maji anaona pampu. Ukimpeleka mtu wa maendeleo ya jamii anakaa na mama, anasikia kwa nini yale maji hayawezi kumwagwa hata ukimwambia yana viluwiluwi, ndoo ile kaibeba kichwani nusu siku! Hao watatu wakikaa mkeka mmoja ndo wanafika kwenye mfuniko unaobana vizuri na tenki la kuvunia mvua lenye wavu. Mmoja mmoja hawafiki.

Haya nije kwenye kazi ya mikono yangu. Miaka michache nyuma nililetewa wanafunzi watano niwe naangalia mradi wao, mmoja anasomea utabibu, mmoja uuguzi, mmoja umeme, mmoja tehama, mmoja uhasibu. Walikuja na wazo tayari, tena wameshalichora kwenye slaidi, programu ya simu ya kufuatilia mashine mbovu za hospitali. Nikawaambia sawa, nzuri, ila kwanza twende wodini mkakae siku mbili bila kompyuta. Kituo sikitaji, wala haisaidii kukitaja, ni kituo kama vingine.

Wodi ya watoto ilikuwa na konsentreta ya oksijeni, mashine inayovuta hewa ya kawaida ambayo ina oksijeni asilimia 21, ndani ina punje za zeolaiti zinazoshika naitrojeni, inayotoka kwa mtoto inakuwa oksijeni nzito, inatakiwa isiwe chini ya asilimia 82. Ile ilikuwa inawaka taa ya njano muda wote, oksijeni iko chini, na imebandikwa karatasi MBOVU. Mtoto akija anapumua kwa kuvuta mbavu, oksijeni ya damu iko chini ya asilimia 90, anahangaikiwa mtungi wa oksijeni kutoka jengo jingine.

Siku ya kwanza hawakuona kitu, wanaandikaandika tu. Siku ya pili usiku yule wa uuguzi, binti mtaratibu ambaye kwenye vikao alikuwa haongei, akagundua mashine haikai ilipochorwa ikae, inasogezwa mpaka imegusana na ukuta nyuma ya pazia kwa sababu soketi nzima ipo moja tu, hiyohiyo ina eksitensheni inayobeba na friji. Mashine hii inavutia hewa nyuma, inataka nafasi kama sentimita 30 hivi, ukiiegemeza ukutani ni kama umemziba mtu pua. Wa umeme akapima akakuta friji ikiwaka umeme unashuka. Wa utabibu akawaeleza kwa nini dakika kumi za kutafuta mtungi kwa mtoto wa miezi mitano ni nyingi mno, na ndo siku ile wenzake waliacha kuiita "mashine" wakaanza kuuliza habari za mtoto.

Lakini aliyefungua fundo ni wa uhasibu. Alikuwa amekaa benchi la nje na dada wa usafi, wanaongea mambo ya kwao Tandahimba, bei ya korosho, akamuuliza tu dada hii mashine unaifahamu? Yule dada akasema, "Ile sponji ya nyuma nilikuwa naiosha kila Ijumaa na sabuni naianika, akaja sista mgeni akaniambia nisiguse mashine, nikaacha."

Jamani. Mi nimesomea mashine hizi, na jibu alikuwa nalo dada mwenye ndoo na mopu, na hakuna fomu hata moja ya hospitali yenye mstari wa kumuuliza yeye.

Tukatoa ile sponji, ndo inayochuja vumbi kwenye hewa inayoingia. Ilikuwa nzito na nyeusi kama kitambaa cha kufutia jiko la mkaa, vumbi na chumvichumvi ya upepo wa bahari vimeshikana mpaka huoni tundu. Tukaosha, tukakausha, fundi akaongeza soketi, mashine ikatolewa ukutani, tukaiwasha tukaiacha ichemke. Taa ya njano ikazimika. Nilimuona yule binti wa uuguzi anajifuta machozi na mi mwenyewe koo lilinikaba. Mashine ya pili hatukuiponya, ile unyevu wa pwani ulishaingia kwenye zeolaiti na hapo sponji halisaidii, lazima mseme ukweli kwenye ripoti zenu, kisichopona andikeni hakijapona.

Na uhasibu haukuishia benchini. Yeye ndo alikaa na mtunza stoo akaona vichujio vya ndani havinunuliwi sio kwa sababu ni ghali, ni kwa sababu havina kifungu kwenye bajeti, vinasubiri fungu la matengenezo makubwa ambalo likija linaenda kwenye jenereta. Akaandika ukurasa mmoja, wakaviombea kwenye vifaa vya kawaida vya wodi pamoja na glavu na pamba. Kwangu huo ukurasa ni tiba kabisa. Programu ya simu haikutengenezwa, yule kijana wa tehama alitengeneza kadi ya kubandika ukutani, picha nne, Ijumaa osha sponji, na jina la dada wa usafi likaandikwa kama msimamizi.

Kitu kingine, lugha. Kwenye timu moja mtabibu alisema "presha imeshuka" na wa umeme akakimbilia kuangalia mashine wakati mwenzie anamzungumzia mgonjwa, zikapotea dakika. Presha ya nesi sio presha ya fundi bomba. Kila neno la kazi yako lieleze kwa Kiswahili cha nyumbani siku ya kwanza, usione aibu na usimuonee aibu anayeuliza. Na tafadhali, msimpe yule wa udaktari ukapteni kwa sababu ya koti jeupe tu, nimeona timu nyingi zinakufa hapo, wengine wanageuka wachapaji.

Huku kwetu tuna mambo mengi ya kuanza nayo. Matende na mabusha mnayajua, yanaenezwa na mbu, wazee wanajificha nayo ndani ya kikoi kwa miaka. Ukipanga kingatiba, yaani kuwagawia watu wote dawa za kuyazuia, kipindi cha korosho, Oktoba mpaka Desemba, nenda nyumbani kwa mtu utakuta mlango umefungwa, watu wamehamia mashambani. Hilo atakwambia mwanafunzi ambaye mama yake anaokota korosho kabla hajakwambia mtaalam yeyote. Na Makunduchi kule Unguja, miaka ya 1980 kuelekea mwishoni, walimwaga chembe za plastiki nyepesi kwenye vyoo vya shimo vyenye maji, zinaelea zinafunika juu, kiluwiluwi cha mbu hakipati pa kupumulia, pamoja na dawa walizomeza watu maambukizi ya matende yakashuka sana. Chembe za plastiki! Hilo halikutoka kwenye famasia.

Sasa kesho. Saa moja na nusu asubuhi getini, viatu vya kufunika, kompyuta acheni bwenini. Kila timu ina wodi yake na ina daftari moja tu la watu wote, sio kila mtu lake. Mchana hamtaniletea wazo, mtaniletea majina matatu ya watu mliokaa nao, na mmoja wao lazima awe hana cheti cha chochote. Walioko timu ya maabara mnibakie hapa mbele kidogo, kuna suala la friji, inatakiwa iwe kati ya nyuzi 2 na 8 na jana jioni nimekuta inasoma 11.