Seli T Kuwinda Seli T

Ndugu wasikilizaji, kwa lukemia (saratani ya damu) ya seli B, chembe za kinga zinazotengeneza kingamwili, Marekani iliidhinisha mwaka 2017 tiba ya CAR-T: seli T, chembe za kinga zinazoua seli mbovu, hupewa kipokezi kipya cha kusaka saratani. Tiba hiyo huua hata seli B zenye afya, lakini mgonjwa akizipoteza zote, hutundikiwa dripu za kingamwili na maisha yanaendelea. Lukemia ya seli T ni ngumu zaidi, kwani dawa na ugonjwa ni ukoo mmoja.

Seli hizo za saratani zina protini ya CD7 juu yake, nasi tunaweza kutengeneza kipokezi cha kuisaka. Tatizo ni kwamba seli T tunazozipa kipokezi hicho nazo zina CD7. Zinaanza kuuana zenyewe maabara, kabla hazijamfikia mgonjwa.

Mwaka 2022, timu ya Waseem Qasim katika hospitali ya Great Ormond Street, London, ilichukua seli T za mchangiaji mwenye afya ikazima jeni tatu. Iliondoa CD7, zisiuane. Iliondoa kipokezi cha asili ambacho seli T hutambulia vitu vigeni, zisishambulie ngozi, ini na utumbo wa mgonjwa. Iliondoa pia CD52, protini nyingine ya juu ya seli, kwa sababu mgonjwa hupewa kwanza alemtuzumabu, dawa inayoua seli zenye CD52.

Mtauliza, kwa nini wasitumie mkasi wa CRISPR wa kawaida? Ukikata DNA mahali patatu kwa mpigo, ncha huweza kuungana ovyo, kipande cha kromosomu hii kikashikana na ile. Wao walitumia kihariri kinachobadilisha herufi moja tu ya DNA, bila kuikata. Itazameni CAG: ni agizo la kuongeza asidi amino moja, yaani tofali moja la protini. C ikigeuzwa T inasomeka TAG, yaani agizo la kusimama. Protini inakatikia hapo.

Kihariri huingizwa kwa shoti fupi ya umeme, kipokezi kipya kwa virusi vilivyodhoofishwa. Seli zilizobaki na kipokezi cha asili huchujwa kwa sumaku. Uchujaji ukiwa hafifu, mgonjwa ndiye anayeumia.

Mgonjwa wa kwanza, msichana wa miaka 13 ambaye lukemia ilimrudia baada ya kupandikizwa uboho, hakuonekana na saratani ndani ya siku 28. Lakini seli hizi hufagia hata seli T zenye afya za mgonjwa, kwa hiyo hupandikizwa uboho tena ili kinga irudi. Katikati hapo yuko wazi kabisa: kati ya wagonjwa watatu wa mwanzo, mmoja alifariki kwa fangasi. Naomba tuzitazame wiki hizo kwa uzito uleule tunaoipa maabara. Mchangiaji wa uboho awe ameshapatikana kabla dripu haijafunguliwa.