Chenye bei hakifiki Ruzizi

Wamama, wababa, vijana wa Kadutu na Ibanda, hapa Bukavu, nawasalimu.

Nianze na bidoni ya njano, dumu letu la maji. Nani hapa amewahi kuiona imetupwa? Ikitoboka, kuna kijana anaiziba kwa kisu alichokipasha moto. Ikishindikana, inakatwa juu, inakuwa ndoo. Ilikuja na mafuta, ikateka maji miaka mingi, na bado ina mnunuzi.

Sasa tazameni sashe, mfuko mwepesi wa plastiki. Imebeba sukari kutoka dukani hadi nyumbani, basi, haina tena mwenyewe. Mvua ikinyesha inashuka mlimani, inaingia mto Kawa, inaingia ziwani. Na Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Ruzizi. Kilomita chache chini ya mlango huo kuna bwawa la Ruzizi I, linalotupatia umeme tangu miaka ya 1950. Taka zinaziba njia ya maji, mashine zinasimamishwa zisafishwe, mji unaingia giza. Hapo fundi wa kuchomea vyuma ananunua mafuta ya jenereta. Mfuko alioupata bure amekuja kuulipia kwa lita. Hasara hiyo haimo kwenye daftari la mtu yeyote, na ndiyo inayoniumiza.

Serikali yetu ya Kongo ilikataza mifuko hii mwishoni mwa 2017. Ng'ambo ya mto, Rwanda iliikataza 2008. Kwetu bado iko sokoni. Mwenye duka, usingoje askari: mfuko uuze, usiutoe bure. Utaona mteja anavyokumbuka kikapu chake.

Mwenye kukusanya plastiki ili auze, geuza chombo uangalie alama ya pembetatu. Chupa ya maji ina namba 1, bidoni kwa kawaida ina namba 2. Usizichanganye. Bidoni inayeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi, chupa inataka karibu 250. Ukizitia chungu kimoja, unachotoa kinavunjika mkononi.

Lakini mimi napenda zaidi kisichofika kwenye taka kabisa. Mama wa malewa, wewe unayeuza chakula, chini ya gunia la makala, yaani makaa, kunabaki unga mweusi. Uliulipia bei ileile ya makala, na miti iliyokatwa ni ileile, mingine ya msitu wa hifadhi ya Kahuzi-Biega. Uchekeche, utoe mawe. Pika uji mzito wa unga wa muhogo, uchanganye, finyanga matonge yanayoenea kiganjani, yabane sana. Anika juani siku kadhaa. Kabla ya kuwasha, vunja moja: kama katikati kuna ubaridi wa maji, rudisha yote juani, la sivyo utajaza moshi jikoni. Yakikauka vizuri yanawaka polepole, moto wa maharage hasa.

Nimekuja nayo kumi na mawili kwenye beseni hili. Mbabula, jiko letu la makala, iko pale nje, sufuria ya maharage iko tayari. Twende tuwashe, maswali mtaniuliza hukohuko.