Mabaka ya Ngozi na Sauti Iliyokwaruza

Ndugu zangu matabibu na wauguzi, asanteni kwa kunialika. Nimekuja kuwazungumzia mgonjwa mwenye mafaili mawili, moja la kliniki ya ngozi, jingine la masikio, pua na koo, na mafaili hayo hayajawahi kuwekwa meza moja.

Ugonjwa wake ni maikosisi fungoidesi, limfoma ya ngozi (saratani ya seli za kinga) inayoonekana mara nyingi kuliko nyingine. Daktari Alibert wa hospitali ya Saint-Louis, Paris, aliueleza mwaka 1806. Mwaka 1870 Bazin akaonyesha hatua zake: mabaka bapa, mabaka manene, kisha uvimbe. Huchukua miaka mingi, na wengi hawafiki hatua ya mwisho.

Kwenye ngozi nyeusi baka la kwanza mara nyingi huwa limepauka, wala si jekundu kama la vitabuni. Hupenda pasipofika jua: matako, mapaja, kiunoni, chini ya matiti. Litazame kwa karibu, taa ikiwa upande. Utaona ngozi imekuwa nyembamba na imekunjamana kama karatasi ya sigara. Mgusishe mgonjwa uzi wa pamba: kwa kawaida atahisi, tofauti na baka la ukoma. Lakini huyu ameshaambiwa ana mba. Dawa ya fangasi imeshindwa, akapewa krimu ya steroidi, baka likafifia, na wote wakaridhika. Hapo ndipo panaponiuma! Krimu ile huficha dalili, na kinyama kikikatwa wakati huo maabara inaweza isione kitu cha uhakika.

Sasa koo. Seli za saratani hii ni seli T, aina mojawapo ya seli za kinga, na zina alama kwenye utando wake zinazozielekeza ngozini, ndiyo maana hukaa huko miaka. Ugonjwa ukikomaa, hutoka: huingia kwenye tezi, damu, mapafu, na kwa nadra ulimi, kaakaa, tonsili, hata zoloto, yaani kisanduku cha sauti. Sauti inakwaruza, kumeza kunakuwa kwa shida. Kwa daktari wa koo mgonjwa hataji ngozi, kwa kuwa hakuulizwa, na anaondoka na antibiotiki za mafindofindo.

Nawaomba sana, mwangalieni mwili mzima, kwa faragha. Kinyama kikatwe kooni na kingine kwenye baka, na fomu ya maabara itaje vyote viwili. Limfoma nyingi za koo ni za seli B, aina nyingine ya seli za kinga, na tiba yake ni nyingine kabisa. Penye kipimo cha jeni za vipokezi vya seli T, italinganishwa kama seli za sehemu zote mbili zimetokana na seli moja.

Ikithibitika kooni, ugonjwa umeshakwenda mbali. Hata hivyo limfoma hii huitikia mionzi vizuri, hata kwa dozi ndogo. Ila mgonjwa anayevuta pumzi kwa sauti ya kukoroma msimpandishe basi la usiku kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Zoloto likivimba, njia ya hewa inaziba akiwa safarini. Aonwe kwanza na daktari wa koo aliye karibu, njia ya hewa iwe salama, ndipo asafiri.